Maji Yanapojaa Kazi Huisha: Mipaka ya Wakati na Utulivu wa Mtu Mwenye Shughuli Nyingi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano wa mtu mwenye shughuli nyingi na wakati kwa kulinganisha kazi mbili: kilimo cha mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, na kazi ya ofisini katika jiji la Dar es Salaam. Hoja inayotetewa ni kwamba utulivu hautokani na mtu kwenda mbio au kwenda taratibu, bali hutokana na kuwapo kwa mipaka ya kazi iliyo nje ya nafsi yake na inayotambuliwa na wenzake. Ushahidi umetolewa katika msamiati na methali za Kiswahili, katika historia ya kazi ya Afrika Mashariki na katika sheria ya ajira ya Tanzania.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu watu wa Afrika Mashariki na wakati umezoea kupita njia mbili. Ya kwanza ni ya lawama: mkutano ulioitishwa saa 3 huanza saa 5, na anayeuliza sababu hujibiwa kwa mzaha kwamba hizo ndizo saa za Kiafrika. Ya pili ni ya sifa: mwambao, husemwa, ni mahali pa pole pole, na aliyechoka na aje ajifunze kupumzika kwa wenyeji wake. Sifa hiyo, kwa hakika, imeenezwa na vipeperushi vya utalii kuliko uchunguzi wowote. Lawama na sifa zinaonekana kupingana, lakini zimesimama juu ya dhana moja, yaani kwamba tatizo la wakati ni tatizo la mwendo. Anayelaumu anataka watu wakimbie. Anayesifu anataka watembee.

Dhana hiyo ndiyo inayohojiwa hapa. Mtu anaweza kwenda mbio tangu alfajiri na bado akafika jioni moyo wake ukiwa umetua. Mwingine huketi kitini kutwa nzima, akapata hata nafasi ya chai na mazungumzo, kisha akalala na wasiwasi kwamba kuna jambo limebaki. Kasi haielezi tofauti iliyopo baina yao. Wala haielezwi vya kutosha na ratiba, ambayo ndiyo dawa inayotolewa mara nyingi katika vitabu na semina za matumizi bora ya muda. Ratiba humsaidia mtu kujua aanze lini na afuatishe nini. Mara chache humwambia aishie wapi. Na hata ikimwambia, haina mamlaka ya kumzuia mkuu wake wa kazi, mteja wake au jamaa yake asimtafute baada ya hapo. Kwa sababu hiyo, swali linaloongoza makala haya si namna ya kupanga kazi ndani ya siku, bali ni nini kinachoifanya kazi iishe, na nani mwenye uwezo wa kutamka kwamba imekwisha.

2.0 Wakati, muda, nafasi

Kiswahili kina maneno kadhaa ambayo katika mazungumzo ya haraka huchukuliwa kuwa na maana moja. Muda hupimika: mrefu au mfupi, wa saa 2 au wa miaka 10. Wakati, kwa upande mwingine, una mwenyewe: kuna wakati wa masika, wakati wa kupanda, wakati wa kula, na kila jambo lina wake. Katika matumizi ya siku hizi maneno haya huchanganywa, na si ajabu kusikia redioni kwamba muda wa taarifa ya habari umefika. Hata hivyo tofauti haijafutika. Hakuna mkulima asemaye "muda wa masika" pale anapokusudia majira yenyewe, kwa kuwa masika si kiasi cha siku bali ni hali inayoruhusu jambo fulani na kukataza jingine.

Neno la tatu lina faida zaidi kwa mjadala huu. Mtu aliyezidiwa na kazi husema "sina nafasi", akitumia neno lile lile ambalo abiria hulitumia kwa kiti ndani ya daladala na mwenye nyumba kwa chumba. Wasaa nao, ulioingia kutoka Kiarabu, una asili ya upana na uwazi. Kwa hiyo anayelalamika kuwa hana nafasi hasemi kwamba siku yake ina saa chache kuliko za jirani. Anasema kwamba mambo yake yamesongamana, hakuna uwazi baina ya moja na lingine. Ni malalamiko ya mpangilio wa mipaka kabla ya kuwa malalamiko ya kiasi.

Inafaa kutazama pia namna shughuli inavyotofautiana na hali mpya ya kuwa "bize". Mtu aliyesema ana shughuli huulizwa ni shughuli gani, na jibu lake huwa na mwanzo na mwisho: harusi ya binamu, mavuno, kesi mahakamani. Pwani, shughuli ni hata jina la sherehe yenyewe. Aliyesema yuko bize haulizwi kitu. Neno hilo limekuja likiwa ni sifa ya mtu, si jina la kazi, na sifa ya mtu haina saa ya kwisha.

Methali za Kiswahili kuhusu wakati zimewatatiza baadhi ya wasomaji kwa sababu zinaonekana kukanushana. Haraka haraka haina baraka, lakini chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Subira huvuta heri, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Mkanganyiko huo hutokea pale tu methali zinaposomwa kama maagizo kuhusu mwendo. Zikirudishwa katika mazingira ya matumizi yake, zinauliza jambo moja: je, wakati wa jambo hili haujafika, umefika, au umepita? Wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia: methali hii huandikwa katika kuta za madarasa kwa nia ya kuwahimiza wanafunzi wafanye hima. Ila ukuta haumhimizi mtu kukimbia. Ukuta humwonyesha mahali ambapo hawezi kupita.

Hapa hapana budi kugusa hoja ya John Mbiti, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika aliyatumia maneno ya Kiswahili "sasa" na "zamani" kama istilahi, akadai kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali karibu haupo. Hoja hiyo imepingwa na wanafalsafa wengi, akiwamo Kwame Gyekye kwa kutumia ushahidi wa Kiakani. Kwa Kiswahili chenyewe pingamizi ni rahisi: baada ya kesho ipo keshokutwa, baada ya keshokutwa upo mtondo, na baada ya mtondo upo mtondogoo. Jamii iliyoona haja ya kuipa jina siku iliyo mbele ya mtondo haikuwa jamii isiyotazama mbele. Thamani ya Mbiti iko mahali pengine. Aliona kwamba wakati hujengwa na matukio. Alichokosa kukipa uzito ni kwamba matukio hayo pia huufunga.

3.0 Mwani na bamvua

Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani vilikuwa miongoni mwa vya mwanzo. Wakulima wake wengi ni wanawake. Vigingi hukitwa mchangani, kamba hutandazwa baina yake, na vipande vya mbegu hufungwa kwa taitai. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, huanikwa na kuuzwa kwa wanunuzi wanaousafirisha nje, ambako hutolewa utomvu wa kuzitia uzito bidhaa za vyakula na vipodozi.

Kinachoitawala kazi hii ni bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50 kuliko jana yake. Mara mbili kwa mwezi, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na sehemu kubwa ya ufuo hubaki wazi hadi karibu na mwamba. Kati ya bamvua moja na nyingine huwa maji mafu, ambapo bahari haitoki kiasi cha kumruhusu mkulima kufikia kamba zake kwa miguu. Kwa hiyo siku za kazi ya baharini hujikusanya katika mafungu, na ndani ya kila siku ya kazi huwa na saa chache tu. Katika siku za bamvua upande huo wa Unguja, maji hupwa kabisa kati ya asubuhi na adhuhuri.

Ni kosa kuiita hali hii maisha ya pole pole. Mkulima wa mwani aliye kazini ana haraka kuliko karani yeyote. Anashuka maji yangali yanatoka ili asipoteze hata nusu saa. Anafunga, anakaza, anang'oa magugu, anahamisha vigingi, mgongo umepinda na jua linampiga utosini, huku jicho moja likitazama rangi ya maji upande wa mwamba. Akichelewa, hasara ni yake, na bahari haiombwi radhi. Kama uhusiano tulivu na wakati ungekuwa ni kukosa haraka, kazi hii isingekuwa na utulivu hata kidogo.

Lakini maji hurudi. Yakifika magotini kamba hazionekani vizuri. Yakifika kiunoni hakuna la kufanya. Kamba ambayo haijafungwa itafungwa kesho, au katika bamvua ijayo. Yapo mambo matatu katika mwisho huo ambayo yanastahili kutajwa kwa uwazi. Mwisho haukuamuliwa na mkulima, hivyo hana haja ya kujihukumu kwamba angejikaza kidogo zaidi. Unajulikana mapema, kwa kuwa mwezi unaonekana na watu wazima kijijini wanajua kuhesabu. Na unawahusu wote kwa pamoja: jirani yake naye anatoka majini, mnunuzi anajua kwamba hakuna mtu baharini, na hakuna anayeweza kumpita mwenzake kwa kuendelea kufanya kazi baada ya saa hizo. Ni jambo hili la tatu ambalo mijadala ya matumizi bora ya muda huliacha kabisa. Mpaka unaomfunga mtu mmoja peke yake humtia hofu ya kuachwa nyuma. Mpaka unaowafunga wote humwondolea hofu hiyo.

Mfano huu si wa pekee. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hutegemea giza, na mwezi unapokuwa mpevu vyombo hupandishwa pwani kwa siku kadhaa, nyavu zikashonwa. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalisubiri kusi ili yarudi, na nahodha aliyekuwa na pupa ya mali hakupewa upepo wa peke yake. Wakulima na wavuvi wa pwani walihesabu mwaka wa jua kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, wakianzia siku ya mwaka, ambayo Makunduchi huadhimishwa hadi leo mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa.

Hata hivyo, mchambuzi asichukuliwe na uzuri wa mfano akasahau mwili wa mtu. Bei ya mwani ni ndogo na haiko mikononi mwa mkulima. Bahari imepata joto, na aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi. Isitoshe, mpaka unaochorwa na maji ni mpaka wa kazi ya baharini tu. Mwanamke anayetoka majini adhuhuri hukuta nyumbani chungu, watoto na kuni, na kwa kazi hizo hakuna bamvua wala maji mafu. Bahari humpa mwisho mmoja. Jamii haijampa wa pili.

4.0 Ngwe, kibarua na kipande

Je, mipaka ya namna hii ilipoteaje katika kazi nyingine? Jibu lililozoeleka ni kwamba saa ya Kizungu iliiua. E. P. Thompson, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1967, alionyesha jinsi wafanyakazi wa Uingereza walivyohamishwa kutoka kazi iliyopimwa kwa jambo lenyewe kwenda kazi iliyopimwa kwa saa. Frederick Cooper aliifuata hoja hiyo hadi Mombasa, akachunguza namna serikali ya kikoloni ilivyohangaika kuwageuza vibarua wa bandarini kuwa wafanyakazi wa kudumu, hasa baada ya migomo ya mwaka 1939 na 1947.

Msamiati umehifadhi hatua za safari hiyo. Ngwe ni sehemu ya shamba anayopimiwa mtu kulima. Akiimaliza amemaliza, jua likiwa bado juu au limekwisha kuzama. Kibarua, ambaye umbo la jina lake ni barua ndogo, aliuza siku, na kesho yake alikuwa huru kujiuza tena au kukaa. Kipande katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara ulitegemea kujazwa kwake. Kutoka kiasi cha kazi hadi siku, na kutoka siku hadi mwezi: kila hatua ilisogeza mwisho mbali zaidi na macho ya mfanyakazi.

Lakini maelezo haya, yakiachiwa hapo, yanapotosha. Ngwe haikuwa neema. Msimamizi aliweza kuipima pana, na waliopimiwa katika mashamba ya pwani ya karne ya 19 wengi wao walikuwa watumwa. Kibarua asiyepata siku hakula. Zaidi ya hayo, saa ambayo ilianza kama chombo cha mwajiri iligeuka kuwa silaha ya mfanyakazi. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki katika viwanda. Vyama vya wafanyakazi vilijifunza kuinyooshea kidole saa ya ukutani na kusema basi. Kengele ya kutoka kazini ilifanya mambo yale yale matatu yanayofanywa na maji: haikuamuliwa na mmoja, ilijulikana mapema, iliwatoa wote. Hivyo basi, saa si adui wa utulivu. Katika karne ya 20 saa ilikuwa, kwa watu wa mjini waliobahatika kuajiriwa, ndiyo bahari yao.

5.0 Ofisi isiyojaa maji

Dar es Salaam ipo takribani nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na urefu wa mchana wake katika mwaka mzima hautofautiani hata kwa saa moja. Ndiyo maana hesabu ya saa ya Kiswahili, inayoanza na jua, inafanya kazi vizuri huko: saa 1 asubuhi jua limechomoza, saa 1 usiku limekwisha kuchwa. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Kwa watumishi wanaokaa Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto, siku huanza kabla ya hapo, saa 11 alfajiri kituoni. Mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016 yalipunguza adha kwa wakazi wa barabara ya Morogoro, lakini hayakuiondoa foleni katika maisha ya mji.

Sheria inasema nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada haziwezi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na lazima zilipwe kwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Anayefanya kazi kwa saa zaidi ya 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Kuna pumziko la saa 12 kati ya siku moja ya kazi na nyingine, pumziko la saa 24 kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, mwisho umeandikwa. Anayetaka kuona mipaka ya wakati katika Tanzania ya leo haina haja aende Jambiani. Ataikuta katika vifungu vya sheria.

Kilichobadilika ni kwamba kazi imepata mlango mwingine. Kundi la WhatsApp la idara halifungwi saa 9:30. Ujumbe unaoingia saa 3 usiku, "naomba hii takwimu kesho mapema", hauhesabiwi na mtu yeyote kuwa saa ya ziada, kwa sababu kuusoma huchukua nusu dakika. Ni kweli kwamba huchukua nusu dakika. Lakini kuanzia hapo msomaji wake haongei na mwenzi wake kama alivyokuwa akiongea, na kesho yake inaanza usiku huo huo. Tukio kama hili likipimwa kwa muda, ni dogo. Likipimwa kwa nafasi, limejaza nyumba nzima. Mwenye kundi anaweza kuwa hakukusudia jibu usiku ule. Wa kwanza kujibu ndiye huwafanya wengine wote waonekane wamechelewa.

Mwanasosholojia Mjerumani Hartmut Rosa, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya kuongezeka kwa kasi katika maisha ya kisasa, alieleza kwa nini vyombo vinavyoharakisha kazi haviachi nafasi: idadi ya mambo yanayotendwa huongezeka kupita kasi iliyopatikana. Barua pepe huandikwa kwa haraka kuliko barua ya posta, lakini zinazoandikwa ni nyingi mno. Maelezo hayo ni sahihi kwa kadiri yake. Kwa Dar es Salaam yanafaa kuongezewa jambo moja. Simu haikuongeza idadi ya mambo tu, iliondoa pia ushirika wa mwisho. Kengele ya kiwandani iliwatoa wote mara moja. Simu humfuata kila mmoja peke yake, na kila mmoja peke yake ndiye anayeachiwa kuamua kama atajibu. Uamuzi uliokuwa wa bahari, na baadaye wa sheria, umekuwa wa moyo wa mtu. Ndiyo maana uchovu wake una harufu ya hatia.

6.0 Kurudisha mwisho

Kutokana na uchambuzi huu, ushauri wa kumtaka mtu mwenye shughuli nyingi atafakari, apumue, au apangilie vipaumbele vyake si mbaya, lakini unaweka mzigo pale pale ulipokuwa. Yenye matumaini zaidi ni mifano ambayo mwisho wa kazi umejengwa baina ya watu.

Zamu ya wauguzi ni mfano wa karibu, ingawa ni nadra kutajwa katika mijadala ya utulivu. Kazi ya wodini haiishi. Wagonjwa wapo usiku na mchana. Hata hivyo muuguzi huenda nyumbani, na anayemruhusu ni makabidhiano: kitabu hufunguliwa, kitanda kwa kitanda, aliyepo anaeleza na anayeingia anapokea. Baada ya hapo mgonjwa ni wa mwingine. Wodi ikiwa na upungufu wa watumishi, makabidhiano hugeuka kuwa maneno mawili mlangoni, na muuguzi anaondoka na wagonjwa wake kichwani. Inaonekana basi kwamba kinachompumzisha si saa ya kutoka tu, bali kujua kwamba jambo limeshikwa na mkono mwingine. Ofisi nyingi zina saa za kutoka bila kuwa na makabidhiano ya aina yoyote. Faili la mtu aliye likizoni humsubiri yeye, au humfuata kwa simu hadi kijijini.

Adhana nayo hufanya kazi ya namna hiyo katika mitaa ya mwambao. Hata asiyeswali anajua kwamba baada ya adhuhuri duka fulani limefungwa kidogo, na hamlaumu mwenye duka. Saa ya swala ni mpaka wenye sauti. Kundi la kazini ambalo limekubaliana, kwa maneno na si kwa kudhaniana, kwamba baada ya saa 12 jioni dharura hupigiwa simu na mengine hungoja asubuhi, limejitengenezea adhana yake; na makubaliano hayo hayana nguvu mpaka mkuu wa idara awe wa kwanza kuyatii. Ufaransa iliingiza jambo hili katika sheria yake ya kazi tangu Januari 2017, ikizitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi. Kenya nayo, mwaka 2022, ilipelekewa muswada wa kusudio hilo katika Seneti. Sheria ya Tanzania, yenye saa 12 za pumziko la kila siku, ina msingi wa kutosha wa kuanzia. Linalokosekana ni tafsiri inayotamka kama ujumbe wa usiku huvunja pumziko hilo au la.

Pingamizi kubwa kwa hoja hii ni kwamba inawahusu walioajiriwa, hali mama lishe, machinga na waendesha bodaboda hawana mwajiri wa kukubaliana naye. Pingamizi ni la haki. Kwa bodaboda asiyemiliki pikipiki, mwisho wa siku hupimwa kwa hesabu, yaani fedha anayompelekea tajiri kila jioni. Hesabu inafanana na ngwe kwa kuwa ni kiasi kilichowekwa mapema, lakini inatofautiana nayo katika jambo la msingi: shamba la kulimwa lipo mbele ya mkulima, ilhali abiria huja au wasije. Siku ya mvua hesabu haipungui. Kijana aliyeipata saa 8 mchana huanza hapo kutafuta ya kwake, na aliyeikosa saa 4 usiku anaendelea kuzunguka, akiwa amechoka, katika barabara ambazo uchovu huleta ajali. Baadhi ya wamiliki huacha siku moja katika wiki, mara nyingi Jumapili, bila hesabu, na siku hiyo huitwa ya dereva. Ilikusudiwa iwe nafuu. Lakini kwa kuwa kila shilingi ya siku hiyo ni yake, na kwa kuwa wenzake wote wa kijiweni nao wako barabarani, Jumapili ndiyo siku anayotoka nyumbani mapema kuliko zote.